Nyasuguta na Biblia Iliyokataa Kufunguka

Macalder nzima ilimjua Nyasuguta kwa maharagwe yake na kwa "Amina" yake. Maharagwe aliyapikia kwenye kibanda cha mabati, kando ya njia iendayo kwenye mashimo ya dhahabu, na wachimbaji waliyala kwa chapati moto kabla ya kushuka chini ya ardhi. "Amina" aliitoa kila Sabato katika kanisa dogo la Waadventista, tena ilikuwa "Amina" ya kuamsha watoto waliolala. Mhubiri akipumua tu, Nyasuguta kashaitikia. Kuna siku mhubiri aliomba aletewe maji ya kunywa, Nyasuguta akampokea kwa "Amina!" iliyotikisa dirisha, na mzee wa kanisa akainamisha uso haraka kana kwamba anafunga kamba za viatu.

Biblia yake nayo ilikuwa ya kutazamwa. Nene, nyeusi, kingo zake za rangi ya dhahabu, na jalada la ngozi lililofungwa kwa zipu pande tatu. Mumewe, Obare, alimnunulia mjini Oyugis mwaka waliooana, enzi zile Nyasuguta anauza ndizi sokoni na hakuna aliyeota kwamba siku moja wangehamia huku Nyatike kufuata dhahabu. Nyasuguta aliibeba kwapani kila Sabato jinsi mwanamke anavyobeba mkoba mzuri. Kuisoma hakuona haja. Mhubiri angesoma, yeye angesikia, na wote wangefika mbinguni.

Basi Sabato moja ya manyunyu, Nyakerario, mama muuza mitumba aliyekuwa akiongoza shule ya Sabato, aligeuka akamtazama. "Mama Kemunto, tusomee kidogo hapo."

Kemunto alikuwa binti yake wa kwanza, na kwa jina hilo ndivyo watu walivyomwita mama yake.

Nyasuguta akasimama kwa madaha. Akashika zipu, akavuta. Zipu haikusogea. Akatabasamu, akavuta tena. Wapi! Jasho la kwapa, vumbi la machimbo na mvua za miaka vilikuwa vimeigandisha ikawa chuma kimoja. Mama aliyeketi naye akajaribu, akashindwa, akampa wa pili. Biblia ikasafiri benchi zima. Mzee wa kanisa akaibana kati ya magoti, akavuta mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Mmoja akasema ipakwe sabuni. Mwingine akasema mshumaa ni bora. Fundi wa mashine ya kusaga mawe akauliza kwa heshima zote kama anaweza kukimbia kuleta koleo.

Mwishowe Obare akainuka kutoka nyuma. Obare hakuwa mtu wa maneno. Alichomoa kisu kidogo mfukoni, akapasua jalada ubavuni, *krrraa*, akamrudishia mkewe Biblia, akaenda kuketi.

Nyasuguta akaifungua. Kurasa zilikuwa zimeshikana kingo kwa kingo kama zilivyotoka kiwandani, na kila ukurasa aliotenganisha ulilia *tk, tk, tk*, na kanisa zima likawa linasikiliza mlio huo katika ukimya mkubwa. Nyakerario alijitahidi. Alibana midomo, akatazama dari, akavuta pumzi kupitia puani. Kisha kicheko kikamtoka kama maji ya bomba lililopasuka, na hapo hakuna aliyejizuia tena. Nyasuguta alisikia uso ukimwaka. Kidogo akahisi na tumbo lake mwenyewe linatikisika, akaketi kwenye benchi akicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka.

Lakini walipokuwa wakirudi nyumbani kicheko kiliisha, kikaacha kitu kingine.

"Baba Kemunto," akasema, "miaka yote hii nimebeba chakula nimekifunga, na mimi mwenyewe nina njaa."

Obare akafikiri mpaka walipofika mlangoni. "Basi kula," akasema.

Nyakerario ndiye aliyemwonyesha namna. Alikuja kibandani kesho yake, akanywa chai, akamwambia: "Usianze kwa mbio, utachoka. Chukua kidogo kila asubuhi. Siku una hamu, soma. Siku huna hamu, soma pia. Usipoelewa, muulize Mungu, halafu uniulize na mimi, tukose kuelewa pamoja. Mtoto hanenepi kwa sababu alikula sana kwenye harusi. Ni ule uji wa kila siku."

Nyasuguta akaanza na Mwanzo, pale pale jikoni, maharagwe yakichemka. Siku za kwanza zilikuwa mkosi mtupu. Joto la moto lilimbembeleza, herufi zikaanza kuogelea, kichwa kikaanguka juu ya Nuhu na safina yake, na maharagwe yakaungua. Wachimbaji walilalamika kwamba wanalishwa makaa. Akaona dawa ni kusoma kwa sauti, ili ajizuie kulala.

Hapo ndipo balaa lenye raha lilipoanza.

Kati ya wateja wake alikuwapo kijana mmoja Mkuria, Nchagwa, aliyetoka karibu na mpaka wa Tanzania. Kwao walikuwa wafugaji, wakimwomba Mungu kwa desturi za mababu, na yeye hakuwa ameingia kanisani hata siku ya mvua. Alikuwa anachimba dhahabu ili apate ng'ombe wa mahari ya msichana aliyempenda. Asubuhi hiyo Nyasuguta alikuwa amefika kwa Yakobo, aliyemfanyia kazi mjomba wake Labani miaka na miaka ili apewe Raheli.

"Subiri, Mathe," Nchagwa akasema, akimwita mama kwa lugha ya vijana, chapati ikiwa hewani. "Rudia hapo. Kulipokucha akakuta amelala na nani?"

"Lea."

"Dada mkubwa?"

"Dada mkubwa."

Nchagwa akaiweka chapati kwenye sahani polepole. "Huyo baba mkwe ni Mkuria kabisa," akasema. "Hata namjua anapokaa!"

Kibanda kikalipuka. Mmoja akauliza kwani Yakobo hakuwa na taa. Mwingine akasema mtu aliyesubiri miaka yote hiyo hawezi kukumbuka taa. Wa tatu, aliyekuwa ameoa mara mbili, akasema jambo ambalo Nyasuguta alilifukuza kwa mwiko. Msimamizi wa shimo akaja kuwatafuta kwa hasira, akasimama mlangoni kutoa amri, akasikia kwamba Yakobo anaanza upya miaka mingine ya kazi, akavuta kiti.

"Sasa Raheli alimpata ama hakumpata?" wakamlilia Nyasuguta alipofunga kitabu.

"Kesho."

"Mathe, tafadhali!"

"Nimesema kesho. Mimi mwenyewe sijui!"

Na kweli hakujua. Hiyo ndiyo iliyokuwa tamu. Miaka yote alikuwa akisikia majina haya yakitajwa mimbarini kama majina ya wabunge, Ibrahimu, Isaka na Yakobo, na hakujua kama walikuwa watu waliodanganyana, waliolia, waliopenda, walioogopa ndugu zao. Alilala akitabasamu gizani. Aliamka kabla ya jogoo, akiwasha moto kwa haraka ya msichana anayesubiriwa na mchumba. Siku nyingine alichungulia ukurasa wa mbele akigeuza chapati, na wachimbaji walipokuja walimkuta na tabasamu la mtu aliyeficha kitu, wakajua leo kuna moto.

Hata maombi yake yalibadilika. Zamani aliomba kama mtu anayemtuma mtoto dukani: afya, wateja, ada ya shule, Amina. Sasa alijikuta akiuliza. Alisimama na sufuria mkononi akasema, "Bwana, lakini Esau alilia. Ulimsikia akilia?" Kisha akanyamaza, akasubiri, na katika kule kusubiri alihisi kwamba hayuko peke yake jikoni. Hilo hakuwa amelihisi katika "Amina" zake zote.

Kitu kimoja tu kilikuwa hakijasogea, nacho kilikuwa jirani.

Kibanda kilichofuata kilikuwa cha Risper, Mjaluo wa Karungu, Mkatoliki, mkaanga samaki hodari. Wawili hao hawakuwa wakisalimiana. Kisa chenyewe kilikuwa kidogo na kibaya: siku moja Nyasuguta, mbele ya wateja wengi, alisema samaki wa Risper wamekufa mara mbili. Watu walicheka, neno likatembea, na kwa muda mrefu samaki wa Risper walirudi nyumbani na mwenyewe. Tangu hapo walizungumza kupitia wateja tu.

"Mwambie jirani moshi wake unaingia kwa chai yangu."

"Mwambie na yeye ahamishe chai."

Kusoma kulipoanza, Risper aligonga sufuria zake makusudi ili kumvuruga. Lakini Nyasuguta alianza kugundua kwamba hadithi ikipamba moto, sufuria zilinyamaza.

Ikafika asubuhi ya Yusufu. Nyasuguta alisoma kuhusu ile kanzu nzuri, zile ndoto, wale kaka wenye kijicho, mpaka pale walipomvua kanzu na kumtupa shimoni. Akafunga kitabu.

"Mathe!" Nchagwa akaruka. "Huwezi kumwacha mtu shimoni!"

"Kesho atatoka."

"Na asipotoka?"

"Nenda kazini, Nchagwa."

Wakashuka wakinung'unika. Usiku uliopita mvua ilikuwa imenyesha sana, na udongo ulikuwa umelewa maji. Kabla ya adhuhuri mlango wa shimo ukaporomoka. Wote walitoka isipokuwa Nchagwa, aliyekuwa ndani zaidi. Mbao zilikuwa zimeangukiana juu yake zikamwachia nafasi ya kukaa, na bomba la pampu ya kutolea maji lilikuwa bado limepenya mpaka pale alipo. Hewa ilipita humo, na sauti yake pia. Hakuwa ameumia. Lakini alikuwa ameingiwa na hofu, akipiga mbao kwa mikono na miguu akitaka kutoka.

"Akiendelea hivyo zote zitamshukia," msimamizi akasema, uso umempauka. "Lazima tuchimbe polepole. Nani atamtuliza?"

Jibu likatoka ndani ya bomba lenyewe, kama sauti kutoka kwenye mtungi: "Niitieni Mathe!"

Nyasuguta alikimbia na unga mikononi, Biblia kwapani. Akapiga magoti kwenye tope, akaweka mdomo kwenye bomba.

"Nchagwa, mwanangu."

"Mathe, naogopa."

"Hata mimi naogopa. Tusome?"

Kugonga kukakoma. "Soma. Yusufu yuko wapi?"

"Yuko pale pale tulipomwacha."

Akasoma. Kaka zake wakamwinua kutoka shimoni, wakamuuza kwa wafanyabiashara waliokuwa wakipita kwenda Misri.

"Ametolewa?" bomba likauliza.

"Ametolewa. Lakini ameuzwa."

"Heri kuuzwa!" likajibu bomba, na wachimbaji waliokuwa wakiondoa udongo kwa mikono wakacheka huku machozi yakiwatoka.

Nyasuguta akafungua sura iliyofuata. Akaitazama. Akaitazama tena. Shingo ikamwaka moto.

"Mbona umenyamaza? Mathe? Mathe, uko?"

"Niko. Hapa Yusufu hayuko. Hapa ni mambo ya Yuda na mke wa mwanawe, na si mambo ya kusomwa hadharani."

"Basi ruka!"

"Usiruke!" wakapiga kelele wachimbaji wote kwa pamoja.

"Nyinyi chimbeni!" Nyasuguta akawakemea, akaruka. Akasoma Yusufu akiwa mtumwa katika nyumba ya mkubwa wa Misri, na mke wa yule mkubwa alivyomshika nguo, na kijana alivyokimbia na kuiacha nguo mkononi mwake. "Mkimbie, kijana!" bomba likashangilia. Akasoma alivyosingiziwa na kufungwa. "Shimo tena?" "Gereza." "Mathe, huyu jamaa ana mkosi!" Sauti ya Nyasuguta ilianza kukwaruza. Jua lilikuwa limetoka kali, lakini hakulisikia, na mtu alipomtia kikombe cha maji mkononi alikunywa bila kutazama. Baadaye aligeuza shingo kidogo, akaona kivuli kilichomfunika ni leso ya kujifunga iliyotandazwa juu yake, na mikono miwili iliyoishika leso hiyo, imeinuliwa, inatetemeka kwa uchovu, ni ya Risper. Nyasuguta akarudi kwenye bomba.

Alikuwa amefika pale mfalme anapotuma watu haraka wamtoe Yusufu gerezani, ananyolewa, anabadilishwa nguo, wakati mikono ya wachimbaji ilipopenya. Nchagwa akavutwa nje kwa kwapa, mwekundu kwa tope kuanzia utosini mpaka nyayo, macho tu ndiyo meupe. Vigelegele vikapasuka. Wanaume walikumbatiana, mtu akarusha koleo juu, msimamizi akaketi chini akalia kama mtoto. Nchagwa hakusalimia hata mmoja. Alitambaa mpaka kwa Nyasuguta.

"Mathe. Kwa mfalme alisema nini?"

Wiki hiyo Nyasuguta hakutembea, alielea. Watu walimshika mkono sokoni. Wakambandika jina, Mama wa Shimo. Alisimulia kisa kwenye foleni ya maji, akakisimulia kwenye kinu cha kusaga unga, na kila aliposimulia bomba lilizidi urefu na tope lilizidi kina, hata kufikia Ijumaa ilikuwa karibu yeye ndiye aliyemvuta kijana kwa mkono wake. Leso ya Risper haikutajwa. Ilianguka mahali fulani njiani, kati ya msimulio wa kwanza na wa pili, na hakurudi kuiokota.

Ili kumshukuru Mungu, aliamua kupeleka sadaka jogoo wake mwekundu, mkubwa kama bata mzinga, jogoo ambaye hata mbwa walimpisha. Asubuhi ya Sabato akamfunga miguu, akamweka kando, akafungua Biblia. Siku za Sabato alisoma Mathayo, kwa kuwa ndiko darasa la Nyakerario lilikokuwa. Akafika pale Yesu anaposema kuhusu mtu aletaye sadaka yake madhabahuni, kisha akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Aiache sadaka, asema Yesu. Aende kwanza akapatane, ndipo arudi kutoa.

Nyasuguta akasoma. Akasoma tena. Akamtazama jogoo. Jogoo naye akamtazama.

Akafunga Biblia. "Hii iliandikiwa Wayahudi wa zamani," akamwambia Obare.

Obare alikuwa akipiga viatu rangi. "Mm."

"Tena ni yeye aliyeacha kunisalimia. Si mimi."

"Mm."

"Baba Kemunto, mbona hunijibu?"

"Sijaona kama ni mimi unayejibizana naye," Obare akasema, akachukua kiatu cha pili.

Akaenda kanisani. Aliketi mbele, jogoo kwapani, mahali Biblia ilipozoea kukaa. Nyimbo zikaimbwa. Alijaribu kusikiliza tangazo la makambi ya ibada ya Agosti, lakini neno lile la asubuhi lilikuwa limekaa kooni kama mfupa wa samaki, wala halikupanda wala halikushuka. Mwaka mmoja nyuma lingempita. Mhubiri angelisoma, yeye angepiga "Amina", na wangeagana salama. Sasa hakuweza kuachana nalo, kwa kuwa lilikuja kwa sauti aliyoizoea, ile ile iliyokaa naye jikoni asubuhi baada ya asubuhi, na mtu hawezi kujifanya hajaisikia sauti anayoijua.

Shemasi akafika na kapu, akanyoosha mikono kumpokea jogoo.

"Narudi," Nyasuguta akamwambia, akainuka, akatoka nje mbele ya macho ya kanisa zima.

Sasa jiweke mahali pa Risper. Anakaanga samaki, ni Jumamosi tulivu. Anainua macho, anamwona adui yake anatoka kanisani ibada ikiendelea, nguo nyeupe, uso umekaza, jogoo mwekundu mkononi, anamjia moja kwa moja bila salamu. Risper akaangusha mwiko.

"Mama Kemunto, usinitupie hiyo kitu!"

"Nyar Karungu, ngoja!" Hivyo ndivyo majirani walivyomwita Risper, binti wa Karungu.

"Sikukukosea mimi!"

Akatimua mbio. Nyasuguta naye, asijue la kufanya, akatimua mbio nyuma yake. "Nimekuja kwa amani!"

"Amani gani ina jogoo mwekundu kama wa mganga? Yawa, nisaidieni!"

Wakazunguka kinu cha unga. Wakapita nyuma ya vyoo. Wakakatiza katikati ya wachimbaji waliokuwa wakiosha udongo kwenye karai, na Nchagwa akasimama na karai lake, mdomo wazi, asijue amshangilie nani. Jogoo, aliyekuwa amevumilia mengi tangu asubuhi, akachomoa mguu, akapiga mabawa usoni mwa Nyasuguta, akaruka juu ya paa la Risper, akatua, akawika, kisha akashuka katikati ya sinia la samaki.

"Samaki wangu!" Risper akageuka ghafla.

Nyasuguta hakuweza kusimama. Wakagongana kifua kwa kifua, wakateleza, wakaketi wote wawili ndani ya dimbwi la tope jekundu la kuoshea dhahabu. Nguo nyeupe ikawa historia.

Wakakaa hivyo wakihema.

"Nilisema samaki wako wamekufa mara mbili," Nyasuguta akaanza, akihema. "Haikuwa kweli. Walikuwa wabichi. Wateja walikuwa wamejaa kwako siku hiyo, na mimi nikaona wivu. Nisamehe."

Risper akapangusa jicho. "Kwa nini leo?"

"Nimesoma." Akamweleza habari ya sadaka na madhabahu, tope likimdondoka kwenye nyusi.

Risper akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole, "Na siku ya bomba? Macalder yote unaisimulia. Mtu aliyekushikia leso hukumwona?"

Hilo lilimchoma Nyasuguta kuliko la samaki. Akainamisha kichwa. "Nilimwona. Nikamficha, nionekane peke yangu. Nisamehe na hilo."

Risper akakamua tope kwenye pindo la gauni lake. Halafu pembe ya mdomo wake ikaanza kutetemeka. "Ile sura uliyoruka," akasema, "ile ya Yuda. Nilienda nyumbani nikaitafuta kwenye Biblia yangu ya Kijaluo."

"Ukaisoma?"

"Yote."

"Na...?"

"Yawa, Mama Kemunto!" Risper akapaza sauti, mikono kichwani, "kumbe haya mambo yako humo?"

Hapo wakaangua kicheko. Walicheka wakiegemeana, walicheka mpaka wakakosa sauti, wakajaribu kuinuka wakateleza wakaanguka tena, na kuanguka huko kukawachekesha upya. Nchagwa alikuja kuwavuta, akavutwa ndani.

Waliingia kanisani wakati wa wimbo wa mwisho, wawili wekundu kama vyungu vibichi, Risper akiwa amemshika jogoo kwa nguvu, jogoo akinuka samaki. Wimbo ulikatika katikati. Shemasi akampokea jogoo kwa vidole viwili. Risper akapiga ishara ya msalaba kwa mazoea yake, akaketi benchi la mbele kana kwamba ni lake, na Nyakerario akasogea kumpisha, akatokwa na machozi. Alimshika Nyasuguta mkono wenye tope, akaukandamiza.

Siku hizi kusoma kuna Biblia mbili, ya Kiswahili na ya Kijaluo, na pale zinapotofautiana neno, chai hupoa watu wakibishana. Nyasuguta hajawa malaika. Ulimi wake bado unafika mpaka kwenye meno, na siku nyingine unatoka nje kabisa. Lakini asubuhi inayofuata anafungua kitabu, anakutana na jambo, na kabla ya saa nne utamwona anavuka kwenda kwa mtu fulani akiwa amebeba chapati iliyofunikwa. Nchagwa bado hajabatizwa. "Msinisukume," anasema, "najisomea mwenyewe, bado niko kwa Waamuzi." Nyasuguta hamsukumi. Anamwongezea maharagwe tu.

Juzi walikuwa kwa Yona. Nyasuguta alisoma kwamba Bwana aliweka tayari samaki mkubwa ammeze, na kabla hajafika nukta, Risper akainua mkono wenye mafuta.

"Samaki gani?"

"Imeandikwa samaki mkubwa tu."

"Basi ni mbuta," Risper akasema, kama mtu aliyekuwapo. "Mimi nimepasua mbuta kule Sori ziwani, ndani nikakuta kiatu."

"Kiatu?" Nchagwa akashtuka. "Na mwenye kiatu?"

"Sikumkuta."

"Labda alikuwa ameshatapikwa Ninawi!" akadakia msimamizi, ambaye siku hizi anawahi kiti kuliko wote, na kibanda kikaenda upande kwa kicheko. Chai ikamwagika. Mtu akauliza kama Yona naye alirudi na kiatu kimoja. Nyasuguta alijaribu kuendelea, akashindwa, akajaribu tena, mabega yakimtikisika, machozi yakidondoka kwenye ukurasa.

"Soma basi, Mama Kemunto!" Risper akampigia kelele, akijipangusa macho kwa leso. "Mtu yuko tumboni!"

Nyasuguta akavuta pumzi, akaweka kidole kwenye mstari, akasoma.